Kufufua mashine ya zamani ya kujumlisha: anza na oili iliyoganda

Ukipata mashine ya kujumlisha ya zamani, iwe Burroughs, Victor au nyingine yoyote, na mkono umegoma, tafadhali usiuvute kwa nguvu. Mashine nyingi zinakufa siku hiyo hiyo ya kwanza. Mara nyingi ndani hakuna kilichovunjika, ni oili ya miaka mingi imekauka ikawa kama gundi, na wewe ukilazimisha unapinda kile kijichuma chembamba ambacho spea yake utaipata tu kwa kuchinja mashine nyingine.

Piga picha kila upande kabla hujagusa kitu, halafu fungua kava. Bisibisi iwe saizi kamili ya mfereji wa skrubu maana zile za kubahatisha zinakula kichwa, na skrubu ziweke kwa mpangilio ulivyozitoa kwa sababu urefu unatofautiana kidogo tu na ukichanganya moja inaweza kwenda kuziba kitu ndani. Springi usizitoe kama hakuna ulazima. Mimi hata moja sitoi mpaka nimeshindwa kabisa kusafisha ikiwa mahali pake.

Sasa kusafisha, hapa ndio kazi yenyewe. Toa vumbi kwanza kwa brashi laini, kisha chukua mafuta ya taa, mswaki wa zamani na sindano ya bomba, dondoshea kidogo kidogo kwenye ekseli na kila sehemu inayozunguka au kuteleza, acha ilale usiku mzima, kesho yake tikisa vipande kimoja kimoja kwa kidole, futa uchafu unaotoka, rudia. Inaweza kuchukua wiki, na ni sawa. Fanya nje au dirisha wazi, mbali na moto. Vitufe na rangi ya bodi visiguswe na mafuta hayo, vinatosha kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Zile dawa za kupuliza za kulegeza kutu mimi sizitaki humu, zinalegeza leo halafu zinaacha utando unaokamata vumbi.

Ikishalegea na kukauka, weka oili ya cherehani, tone dogo kwa ncha ya sindano, kwenye ekseli tu. Meno ya gia na magurudumu ya namba yaache makavu.

Kama ina mota ya umeme kagua waya kabla ya kuchomeka, raba ya zamani inapasuka ukiikunja tu. Utepe wa wino sio shida, nyingi zinakubali ule wa taipureta.

Jaribio langu ni hili: ingiza 9 safu zote, vuta mkono, kisha jumlisha 1. Kila gurudumu linatakiwa kubeba moja kwa jirani yake mpaka safu zote ulizoingiza 9 zisome sifuri. Safu ikibaki kwenye 9, uchafu uko hapo kwenye kijino cha kubebea, rudi na mswaki.