Namna ya kusafisha jiwe la kumbukumbu la Holokosti na kulifundishia

Stolpersteine, yaani "mawe ya kujikwaa", ni kumbukumbu iliyotawanyika mitaani. Msanii Gunter Demnig alianza kuyaweka Cologne, Ujerumani, mwaka 1992, na la 100,000 liliwekwa 2023. Kila jiwe ni zege la sentimita 10 hivi kila upande, lenye bamba la shaba ya njano juu, na jina la mtu mmoja tu aliyeteswa au kuuawa na Wanazi, yaani utawala wa Hitler wa Ujerumani. Hufukiwa mbele ya nyumba ya mwisho aliyoichagua mwenyewe kuishi. Shaba huchakaa, kwa hiyo majirani na shule huyasafisha, hasa 9 Novemba (usiku wa mwaka 1938 masinagogi, nyumba za ibada za Wayahudi, yalipochomwa Ujerumani) na 27 Januari, siku kambi ya mauaji ya Auschwitz ilipokombolewa 1945.

Kwa mawe manne beba dawa ya kung'arisha shaba, sponji laini mbili, vitambaa vya pamba vitatu, mswaki mkuukuu, lita moja ya maji na glavu. Usisahau kipande cha boksi kilichokatwa tundu la sentimita 10 kwa 10. Kiweke kuzunguka jiwe kabla ya chochote, maana ule weusi unaotoka hung'ang'ania mawe ya jirani na hautoki tena.

Anza kwa kufagia mchanga kwa mswaki na kuosha. Ukiruka hatua hii, mchanga unanaswa chini ya kitambaa na kuichana shaba. Kausha, kisha tia dawa kiasi cha punje ya mbaazi, sugua kwa mizunguko midogo dakika moja au mbili. Kitambaa kitageuka cheusi tititi; usishtuke, ndiyo kutu ya shaba inayotoka. Futa kabla dawa haijakauka, pitisha mswaki ndani ya herufi, kwani mabaki meupe hujificha humo, kisha suuza na kukausha kabisa.

Ndimu na majivu, dawa ya sinia za bibi zetu, viache nyumbani. Asidi ikikaa hula zinki, shaba ikabaki na mabaka mekundu, na ikipenya pembeni huila zege. Waya wa kusugulia masufuria ni mbaya zaidi: mikwaruzo yake hushika uchafu upesi.

Kisha wanafunzi wasome wenyewe, wameinama, watatu au wanne kwa jiwe. HIER WOHNTE ni "hapa aliishi", JG. ni mwaka wa kuzaliwa; GEB. ni jina la ukoo kabla ya ndoa, DEPORTIERT, alisafirishwa kwa nguvu, ERMORDET, aliuawa. FLUCHT IN DEN TOD, "kukimbilia mautini", ni mtu aliyejiua. Mwalimu atangulie kulitafuta jina kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wahanga ya Arolsen (Ujerumani) au ya Yad Vashem (Israeli), bure mtandaoni. Wasiigize kuwa wahanga. Igizo hugeuza mauaji kuwa mchezo.

Kikundi cha Waswahili kilichoko Berlin kipite Brunnenstraße 193. Hapo pana jiwe la Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904, aliyekuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuoni Berlin. Alikamatwa 1941, akafia kambi ya mateso ya Sachsenhausen 24 Novemba 1944. Hakuwa Myahudi, na darasa liambiwe hivyo waziwazi: Holokosti ni mauaji ya Wayahudi milioni sita, na kuwataja wahanga wengine wa Wanazi kusiififishe maana hiyo.

Mjadala mzuri wa kumalizia ni wa Munich. Manispaa yake haiyaruhusu mawe haya kwenye njia za umma, na baadhi ya viongozi wa Kiyahudi wa huko wanaona ni aibu majina kukanyagwa. Wengine husema anayetaka kusoma lazima ainame. Waacheni vijana wabishane.

Mshumaa uwekwe ndani ya glasi, pembeni, si juu ya bamba. Nta ikiingia kwenye herufi haitolewi kwa kitambaa.