Umepapasa nyuma ya sikio ukakuta uvimbe? Anza na kichwa

Mimi ni msusi, Pasua hapa Moshi. Wiki haipiti vidole vyangu havijakutana na kigololi nyuma ya sikio la mtu. "Dada, hiki nini tena?" Wengine wameshajipa kansa kabla sijaweka kitana chini.

Mara nyingi ni mtoki tu. Ukijikata mguu shambani si kinena kinavimba? Huu nao ni uleule, ila wa kichwani. Tezi za nyuma ya sikio zinachuja maji yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa na sikio, na zikinasa vijidudu zinatuna. Kwa hiyo uache uvimbe kwanza, utafute kidonda.

Nawa mikono, papasa taratibu kwa ncha za vidole viwili, linganisha na upande wa pili. Mtoki wa maambukizi uko kama harage lililolowekwa usiku: unateleza chini ya kidole na ukiubonyeza unauma. Matubwitubwi ni kitu kingine, yanavimba mbele na chini ya sikio mpaka ndewe inanyanyuka.

Halafu kaa mwangani, mtu akugawe nywele mstari kwa mstari kuanzia kisogoni. Mimi nakuta vipele vya usaha kwenye twende kilioni iliyokazwa kupita kiasi (ndiyo, dhambi hiyo ni yetu wasusi), chawa, mba uliokunwa ukachubuka, tundu la hereni lenye usaha. Kwa watoto, mashilingi, yaani fangasi wa kichwani.

Hapo kwenye mashilingi nina aibu yangu. Mwanangu wa darasa la kwanza alitoka mtoki. Nikamkanda kwa maji ya chumvi, nikanunua antibayotiki nusu dozi dukani, nikamchua kwa mafuta. Wiki tatu, uvimbe uko palepale. Shangazi yake alipomnyoa ndipo tukaona maduara mawili, nywele zimekatikia chini, unga mweupe juu yake. Nashika vichwa vya watu kutwa nzima, cha mwanangu sikukitazama! Tabibu alituambia antibayotiki haiui fangasi, na dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye mizizi ya nywele. Akampa vidonge vya griseofulvini, wiki sita.

Wakati unatibu chanzo, fumua nywele. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika kumi, mara tatu kwa siku. Ukiuma, meza parasetamoli. Mtoto wa chini ya miaka 16 usimpe aspirini. Usiuchue, usiuminye, usikubali kuchanjwa chale. Kidonda kikipona, mtoki bado unaweza kuchukua wiki kadhaa kunywea, na kuupapasa kila saa kunauchokoza tu.

Sasa yasiyo ya kusubiri. Mfupa wa nyuma ya sikio ukiwa mwekundu na unauma sana, sikio limesukumwa mbele, kuna homa au usaha sikioni, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda maambukizi yameingia mfupani. Mjamzito mwenye mitoki pamoja na homa na vipele mwilini naye asikae nyumbani, inaweza kuwa rubela, na hiyo inamdhuru mtoto tumboni.

Uvimbe mgumu kama jiwe, usiosogea, unaozidi sentimita 2 au unaoendelea kukua, nenda ukapimwe. Vilevile kama unakonda, unatoka jasho usiku, au mitoki imetokea pia shingoni na kwapani. Watapima kifua kikuu, maana kinashika tezi pia hata kama hukohoi, na VVU. Usiogope kutajiwa Kibong'oto, hospitali yetu ya kifua kikuu huku Kilimanjaro; dawa za kifua kikuu ni bure.

Siku hizi nikigusa mtoki naandika tarehe kwenye daftari la saluni. Wateja wa rasta hurudi kufumua baada ya wiki nne au tano, na hapo napapasa tena. Nikiukuta bado upo, simsuki. Namwambia aanzie zahanati, kiti chake namwekea.