Tomoe nage: usijiangushe, ingia chini yake

Wengi wakiona tomoe nage, mrusho wa judo wa kumpitisha mtu juu ya kichwa chako, kwenye video wanadhani ni kujiangusha chali halafu mguu unamrusha jamaa, ndo maana wanaishia kulaliwa na kubanwa osaekomi (kushikiliwa chini chali) palepale. Mguu unamalizia tu, kazi kubwa iko mikononi.

Kabla ya yote, unayefanya naye awe anajua ukemi, yani kuanguka salama, ya kubiringika mbele. Kama hajui usimrushe kabisa, atatua kichwa au shingo. Na iwe kwenye tatami (mikeka ya judo), sio uwanjani kwenye majani.

Subiri akusukume, hapo ndo penyewe. Mtu anayerudi nyuma huyu humpati, utabaki unaning'inia kwenye kola yake tu. Akisukuma, au akiinama huku kanyoosha mikono, mvute juu na kuja kwako mpaka visigino vyake vianze kunyanyuka. Kushika ni kola zote mbili au kola na mkono wa gi (nguo ya judo), vyote sawa.

Sasa ingia. Kama unatumia kulia, mguu wa kushoto unauzamisha katikati ya miguu yake, wa kulia unaweka wayo chini ya kitovu, usawa wa mkanda, goti limekunjwa. Unaweka, hupigi teke, na ukishusha sana hapo unajua mwenyewe utakanyaga wapi, urafiki umeisha. Makalio yatue karibu na kisigino chako cha kushoto, maana ukikaa mbali naye unakuwa umemvuta aje akulalie. Kidevu kifuani, mikono isilegee hata kidogo, yani wakati unashuka ndo unazidi kuvuta, na akishakuwa juu yako nyoosha goti huku mikono inachora duara kupita juu ya kichwa chako.

Kwenye mashindano siku hizi utaona sana yoko tomoe, unaingia kwa ubavu badala ya kukaa mbele yake, mi naona ni ngumu zaidi mpinzani kuisoma. Akijipindua hewani akatua tumbo usiachie mkono wake, unganisha juji gatame (kumnyoosha kiwiko) hapohapo. Ila usijitupe tu kuvuta muda, refa anakupa shido, yani adhabu, ya shambulio la uongo.

Ukiona mgongo wako unagusa tatami na visigino vya jamaa bado viko chini, acha kurusha kwanza, piga uchikomi (kurudiarudia bila kurusha) za kuvuta na kuingia tu.