Kutembea vijiji vya Poqueira kwa kikundi

Kwenye bonde la Poqueira, Alpujarra ya Granada, kusini mwa Hispania, anzieni Pampaneira (kama mita 1,060), mpite Bubión hadi Capileira (kama 1,436). Mchana mtakuwa mnashuka mkirudi. Mwenye mwendo wa polepole atangulie, anayeijua njia afunge msafara.

Watu hupotezana vijijini zaidi kuliko porini: vichochoro vinafanana na alama za rangi zinazoonyesha njia hazionekani vizuri. Hesabuni watu kwenye uwanja wa kanisa, kila kijiji. Alama ya X maana yake si huko. Rudini hadi alama ya mwisho mliyoiona.

Mkate nunueni asubuhi, maduka mengi hufungwa kati ya saa 8 na saa 11 jioni. Maji lita 2 kila mtu, kiangazi 3.