Kupanga Feni na Njia ya Hewa Ndani ya Kasha la Kompyuta ya Mezani

Mtu anayefungua kasha la kompyuta yake kwa sababu linapiga kelele na kupata joto, mara nyingi huwa ameshaamua kununua feni nyingine. Kabla hajafika huko, ni vyema achukue karatasi, achore kasha hilo jinsi linavyoonekana kwa ubavuni, atie alama kila mahali ambapo hewa inaweza kuingia na kila mahali inapoweza kutoka, kisha aonyeshe vilipo vitu viwili vinavyotoa joto jingi kuliko vyote, yaani prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu) na kadi ya michoro (inayotengeneza picha za skrini). Kazi yote inayofuata ni kuhakikisha kwamba hewa inayoingia inapita kwenye vitu hivyo viwili kabla ya kutoka. Hewa, kama maji, hufuata njia iliyo rahisi, na ikipata ya mkato itaipita hiyo bila kujali kwamba prosesa inaungua hatua chache pembeni.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini idadi ya feni si jibu. Tuseme kompyuta inatumia wati 300 inapofanya kazi nzito. Karibu umeme wote huo hugeuka kuwa joto ndani ya kasha. Ikiwa feni zinapitisha meta za ujazo 85 za hewa kwa saa, hewa itakayotoka nyuma itakuwa na joto lililozidi lile la hewa iliyoingia kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi. Ukizidisha mkondo huo mara mbili, tofauti inashuka hadi nyuzi 5. Ukiuzidisha mara mbili tena, inabaki nyuzi 2 na nusu hivi. Feni za mwanzo, kwa hiyo, ndizo zinazoleta nafuu kubwa, na zinazofuata huongeza kelele na vumbi kuliko zinavyoongeza ubaridi. Tena hesabu hiyo inachukulia kwamba kila sehemu ya hewa imebeba joto. Hewa iliyoingia na kutoka bila kugusa chochote cha moto haikufanya kazi yoyote. Hakuna mpango wa feni, hata uwe mzuri namna gani, utakaoshusha joto la ndani ya kasha chini ya joto la chumba.

Jambo la kwanza la kukagua kwa macho ni upande ambao kila feni inaelekea. Feni ya kasha ina upande mmoja ulio wazi, ambao mapanga yake yanaonekana bila kizuizi, na upande mwingine wenye mikono ya plastiki inayoishikilia mota. Kwa feni za kawaida, hewa huvutwa kupitia upande ulio wazi na kusukumwa kutokea upande wenye mikono. Baadhi zimechorwa mishale miwili midogo kwenye fremu, mmoja ukionyesha mapanga yanakozungukia na mwingine hewa inakoelekea. Siku hizi zipo pia feni zenye mapanga yaliyogeuzwa, zilizotengenezwa ili upande mzuri wa kutazamwa ukae ndani ya kasha hata feni inapoingiza hewa, na hizo huvunja kanuni hiyo. Njia isiyodanganya ni kushika kipande chembamba cha karatasi laini karibu na wavu wa feni kompyuta ikiwa imewashwa: kikinaswa kwenye wavu, feni inavuta hewa kuingia, kikipeperushwa, inatoa. Niliwahi kukaa majuma mazima nikilaumu dawa ya kupitishia joto iliyo juu ya prosesa, kumbe feni ya nyuma niliifunga mwenyewe kinyume, ikawa inarudisha ndani hewa ile ile ya moto iliyokuwa ikitoka kwenye pawasaplai, yaani kifaa kinachoilisha kompyuta umeme.

Mpangilio wa kuanzia, ambao kwa maoni yangu unawatosha watu wengi, ni feni mbili za mbele zinazoingiza hewa na moja ya nyuma inayoitoa. Feni ya chini kati ya zile za mbele hulisha kadi ya michoro, na ya juu hulisha prosesa. Kipoza prosesa cha aina ya mnara, yaani rundo refu la mapezi ya chuma lenye feni ubavuni, kinapaswa kufungwa kikiwa kinapuliza kuelekea nyuma, ili hewa inayopita katikati ya mapezi yake ikabidhiwe moja kwa moja kwa feni ya kutolea, ambayo huwa karibu katika kimo kile kile. Ukubwa wa feni uchague kulingana na nafasi iliyopo: feni ya milimita 140 hupitisha kiasi kile kile cha hewa kwa mizunguko michache kuliko ya milimita 120, na kwa hiyo huwa tulivu zaidi. Kama uso wa mbele una chujio zito au rediata (bapa la mapezi linalopoza maji ya kipoza cha maji), tafuta feni iliyoundwa kwa ajili ya shinikizo, yaani kusukuma hewa kupita kizuizi, kwa kuwa kiwango cha mkondo kinachoandikwa kwenye boksi hupimwa feni ikiwa haina kizuizi mbele yake.

Juu ya kasha ndipo makosa mengi hufanyika. Watu husema kwamba hewa ya moto hupanda, kwa hiyo hujaza feni za kutolea kwenye paa lote. Ni kweli kwamba hupanda, lakini nguvu ya kupanda kwake ndani ya kisanduku kidogo namna hii ni hafifu mno ikilinganishwa na feni hata ya mwendo wa polepole. Kinachoamua ni mahali. Feni ya kutolea iliyofungwa juu upande wa nyuma, nyuma ya kipoza prosesa, husaidia, kwa sababu inapokea hewa iliyokwisha kufanya kazi. Iliyofungwa juu upande wa mbele huiiba hewa safi sentimita chache tu baada ya kuingia, kabla haijafika kwenye prosesa. Ukiwa na nafasi tatu za feni juu, hakuna ubaya kuiacha ile ya mbele tupu, na hata kuiziba kwa kipande cha kadibodi.

Kadi ya michoro inastahili kutazamwa peke yake. Kadi nyingi za leo zina feni mbili au tatu zinazovuta hewa kutoka chini na kuitawanya pande zote ndani ya kasha, na kadi yenye nguvu hutoa joto kuliko vitu vingine vyote vikijumlishwa. Hewa hiyo ya moto hupanda hadi kwenye kipoza prosesa, na sehemu yake huzunguka na kuvutwa tena na kadi yenyewe. Ndiyo maana feni ya mbele ya chini haifai kuzibwa na rundo la nyaya au vishikizo vya diski visivyotumika, ving'oe. Kama kasha lina matundu ya sakafuni na miguu mirefu ya kutosha, feni moja ya kuingizia iliyofungwa chini, ikielekea kwenye kadi, huleta nafuu kuliko feni ya tatu ya juu. Pawasaplai, ikiwa inakaa chini na sakafu ina matundu yenye chujio, ielekeze feni yake chini ili ivute hewa ya nje na isigombanie ya ndani.

Kuhusu shinikizo, kanuni ni fupi. Hewa inayoingizwa ikizidi kidogo inayotolewa, iliyozidi itatokea kwenye nyufa, na vumbi litaingia tu kupitia machujio. Feni za kutolea zikizidi, kasha litavuta hewa kupitia kila tundu lisilo na chujio, na baada ya miezi michache utaona michirizi ya kijivu kwenye viungo vyake. Chagua hali ya kwanza, ila usihesabu feni kwa vidole tu: feni mbili zilizo nyuma ya chujio lililojaa vumbi zinaweza kuingiza hewa chache kuliko inayotolewa na moja isiyo na kizuizi.

Anayetumia kipoza cha maji ana uamuzi mmoja wa ziada. Rediata ikiwekwa mbele, prosesa hupata hewa ya baridi zaidi, lakini kadi ya michoro hupokea hewa iliyokwisha kupashwa moto; ikiwekwa juu kama njia ya kutolea, hali inageuka. Kwa anayecheza michezo ya video ningeshauri juu, kwa sababu kadi ndiyo inayolemewa zaidi. Popote itakapokaa, sehemu ya juu kabisa ya rediata iwe juu ya pampu, maana mapovu ya hewa hukusanyika mahali pa juu, na yakikusanyika kwenye pampu huleta kelele na kuichakaza.

Feni zenye pini 4 huruhusu bodi mama (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote) kurekebisha mwendo kwa usahihi, na zile za pini 3 hurekebishwa kwa kubadilisha volti. Soketi moja ya feni kwenye bodi mama kwa kawaida huhimili ampea 1, kwa hiyo soma namba iliyo kwenye kibandiko cha kila feni kabla ya kuunganisha kadhaa pamoja. Kwenye mipangilio ya BIOS, yaani programu ya bodi mama inayofunguliwa kompyuta inapowaka, ongeza ucheleweshaji wa sekunde chache ili feni zisipande na kushuka kila prosesa inaposhtuka kwa kufungua programu.

Baada ya hapo, pima. Andika joto la chumba, iendeshe kompyuta kwa kazi nzito kwa nusu saa, uandike joto la prosesa na la kadi, kisha rudia ubavu wa kasha ukiwa umefunguliwa. Ikiwa joto linashuka kwa nyuzi 1 au 2 tu, mpango wa hewa hauna tatizo kubwa, na kama bado ni joto mno, kasoro iko kwenye kipoza chenyewe au kwenye dawa ya kupitishia joto. Likishuka kwa nyuzi 8 au 10, kasha linakosa hewa: anza na chujio la mbele, kisha nyaya, kisha umbali wa kasha na ukuta, ukibadilisha kitu kimoja kwa wakati na kupima tena baada ya kila badiliko.