Kupiga Picha za Nyeusi na Nyeupe za Mavazi ya Jadi ya Ugiriki

Anayepiga picha za nyeusi na nyeupe za mtu aliyevaa vazi la jadi la Ugiriki aanze kwa kukubali hasara: wekundu wa tarbushi na kijani cha tarizi, ambavyo jicho huvitenganisha mara moja, vinaweza kutoka vyote kijivu kilekile. Kinachobaki ni umbile la kitambaa, nalo hufichuliwa na mwanga wa ubavuni.

Fustanela, sketi nyeupe ambayo walinzi wa heshima wa Athens, Waevzoni, huivaa katika gwaride, husemwa kuwa na marinda 400, moja kwa kila mwaka wa utawala wa Waosmani. Kwa mpiga picha, maana yake ni kwamba kila rinda linadai kivuli chake. Msimamishe mhusika karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, kisha mgeuze kidogo ili mwanga uyapitie marinda kwa mshazari. Kwa kuwa kipima mwanga cha kamera hudanganyika na weupe mwingi na kuifanya sketi iwe ya kijivu, ongeza mwanga kwa stopu moja hivi (yaani mara mbili), lakini hakikisha mikunjo haijafutika.

Vazi la Amalia, la wanawake, lenye jina la malkia aliyefika Ugiriki mwaka 1837 akiwa mke wa Mfalme Otto, lina tabu ya kinyume. Mahameli ya koti lake fupi hula mwanga, ilhali nyuzi za dhahabu huurudisha, na taa ndogo kali huziachia vidoa vyeupe tu. Dhahabu huakisi kilicho mbele yake; kwa hiyo weka ubao mkubwa mweupe ubavuni na uusogeze polepole hadi tarizi ionekane uzi kwa uzi, hata kama kazi hiyo itachukua muda mrefu kuliko upigaji wenyewe.

Kwa kamera ya filamu, kichujio chekundu (kioo cha rangi mbele ya lenzi) huing'arisha tarbushi lakini hufifisha midomo; cha kijani huitia giza na kuupa uso uzito, nami hupendelea hicho kwa nyuso za wazee. (Filamu za zamani zisizohisi wekundu ziliitoa tarbushi karibu nyeusi.) Mwenye kamera ya dijitali ahifadhi faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata), aamue baadaye.

Kwa picha ya mwili mzima, shusha kamera hadi usawa wa kiuno na usikate viatu, kwani kishada kwenye ncha ya tsaruhi, kiatu cha vazi la fustanela, ni sehemu ya vazi.