Namna ya Kumchora Grifini: Kutoka Umbo la Jadi hadi Maumbo Mapya

Grifini anayejulikana zaidi katika hadithi za fantasia ana kichwa, mabawa na miguu ya mbele ya tai, na sehemu ya nyuma ya simba. Ninapopewa kazi ya kumchora, huanza na umbo hilo hata kama mteja ameomba jambo jipya kabisa, kwa sababu mchoraji anayeelewa mahali ndege na simba wanapounganika ndiye anayeweza kuwabadilisha wote wawili bila kuuvuruga mwili.

Hatua ya kwanza: chunguza kazi za kale, nawe utaona kwamba jadi yenyewe haikuwa moja. Katika chumba cha kiti cha enzi cha kasri la kale la Knossos, katika kisiwa cha Krete nchini Ugiriki, grifini waliochorwa ukutani hawana mabawa. Katika kasri la Dario wa Kwanza, mfalme wa Uajemi ya kale, mjini Susa, matofali ya rangi yanaonyesha mpangilio uliopinduliwa: kichwa cha simba chenye pembe za kondoo dume, na miguu ya nyuma ya ndege. Kazi ninayoipenda kuliko zote ni grifini wa Pisa, sanamu ya shaba yenye kimo cha takribani mita 1, iliyotengenezwa na mafundi wa ulimwengu wa Kiislamu katika karne ya 11 au ya 12, ikakaa juu ya paa la kanisa kuu la Pisa, Italia, hadi mwaka 1828. Kifuani imezungushiwa maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya kumtakia baraka mmiliki, na mwili wake umejaa nakshi. Fundi hakujaribu kuiga manyoya halisi, na hata hivyo hakuna anayeitazama akashindwa kumtambua mnyama huyu. Nakili kazi kama hizo kwa penseli kabla ya kubuni chochote.

Hatua ya pili: chora mifupa. Grifini ana viungo sita, ilhali ndege na simba kila mmoja ana vinne tu, kwa hiyo ni lazima umpe jozi mbili za mabega. Mimi huweka mabega ya mabawa juu na nyuma kidogo ya mabega ya miguu ya mbele, kisha hukiongezea kifua kina, kwa kuwa misuli inayopiga mabawa ya ndege hushikamana na mfupa wa kidari. Kifua chembamba humfanya aonekane hawezi kuruka. Katika miguu ya tai, kiungo kinachodhaniwa kuwa goti ni kifundo cha mguu, nacho huelekea nyuma. Ukikikunja kuelekea mbele, mguu wote utaonekana umevunjika.

Hatua ya tatu: unganisha manyoya ya ndege na ngozi ya simba. Usikate kwa mstari mmoja kama mkanda. Anza na manyoya makubwa shingoni, yapunguze ukubwa yanaposhuka mbavuni, kisha yaache yatawanyike hadi yapotelee katika nywele fupi za kiunoni.

Hatua ya nne: sasa badilisha, lakini badilisha kwa sababu. Kipanga akiunganishwa na duma, mabawa yawe marefu na yenye ncha, kiuno kiwe chembamba, kwani wote wawili wameumbwa kwa mbio. Bundi na chui wanafaa kwa mwindaji wa usiku, ila mchanganyiko huu hudai uangalifu: macho ya bundi hayazunguki ndani ya fuvu, kwa hiyo mnyama wako atageuza kichwa kizima kutazama pembeni, na kingo za manyoya ya mabawa ziwe na nyuzinyuzi laini zinazopunguza sauti ya kuruka. Rangi peke yake haitoshi kumfanya grifini awe mpya. Tai na simba waliopakwa buluu ni wale wale.

Hatua ya tano: jaza mchoro wote kwa rangi nyeusi na uutazame kwa mbali. Ukiona farasi mwenye mabawa au tai wa kawaida, rudi kwenye kiuno na mkia. Ikiwa mchoro ni wa kichwa pekee, weka masikio yaliyosimama, kwa maana katika nembo za koo za Ulaya ndiyo yanayomtofautisha grifini na tai. Kwa grifini wa bundi, chora masikio hayo ya mnyama au vishungi vya bundi (manyoya yanayosimama kichwani kama masikio), wala usiviweke vyote viwili, la sivyo kichwa kitajaa ncha nne zinazogombania jicho la mtazamaji.